Pete za msiba Marekani enzi za ukoloni wa Mwingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila picha ya pete yenye fuvu na jina la mtu aliyekufa karibu miaka 300 iliyopita ikipita kwenye simu za watu, maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nazungumzia yale makoloni ya Mwingereza ya pwani ya mashariki ya Marekani, na zaidi Boston na Massachusetts kwa ujumla maana huko watu waliandika sana, kuanzia katikati ya miaka ya 1600 mpaka vita ya uhuru inaanza mwaka 1775. Huna haja ya kusoma yote, tafuta swali lako, na pale jibu lilipo sehemu nyingine nimekuelekeza.

## Ya kuanzia

Pete ya msiba ni nini hasa?

Ni pete, mara nyingi ya dhahabu, inayotengenezwa kwa ajili ya kifo cha mtu mmoja na kugawiwa kwa watu waliomhusu. Ndani yake au juu yake kumechongwa jina la marehemu, au herufi za mwanzo tu za jina, na tarehe aliyofariki na umri wake.

Wengi wanachanganya hapa: hii sio pete aliyokuwa anavaa marehemu. Yeye hakuivaa na kwa kawaida hakuiona kabisa, sonara aliifanya baada ya kifo, wakati mwingine kwa hela na maagizo aliyoacha marehemu kwenye wosia kwamba fulani na fulani wanunuliwe pete. Alafu haikuwa moja, zilifanywa kadhaa zenye maandishi yaleyale, ndo maana leo unaweza kukuta pete mbili za marehemu mmoja kwenye makumbusho mawili tofauti.

Mbali na pete kulikuwa na vidani vya kristali vya kupitisha utepe, vifungo vya mikono ya shati, na baadaye broochi (pini za urembo za kubana kwenye nguo) na vipochi vidogo vya shingoni vyenye nywele au picha. Ila pete ndo ilikuwa mfalme, na ukisoma daftari za masonara utaona hivyo.

Nani alimpa nani? Waombolezaji walileta au walipewa?

Walipewa. Sisi tumezoea daftari la rambirambi, anayekuja msibani ndo anayetoa chochote. Boston ya mwaka 1710 ilikuwa kinyume kabisa, familia iliyofiwa ndiyo iliyotoa, ikawanunulia watu glavu, skafu na pete, na pombe juu.

Lakini sio kila aliyekuja alipata pete. Pete ilikwenda kwa ndugu wa karibu, kwa mchungaji, wakati mwingine kwa daktari aliyemuuguza marehemu, kwa wakubwa wa serikali kama marehemu alikuwa mtu wa jina, na kwa wale waliopewa heshima ya kushika ncha za kitambaa kilichofunika jeneza. Hao wa kitambaa walikuwa watu wazima wenye hadhi, sita au wanane, na hawakubeba uzito wowote, kazi ya kubeba yenyewe ilifanywa na vijana waliokuwa chini ya kitambaa. Wengine wote waliridhika na glavu. Kwa hiyo ukiangalia mkono wa mtu wakati anatoka makaburini ungejua yuko wapi kwenye ngazi ya mji, na ukweli huu ukiushika mambo mengi yanayofuata hapa chini yanaeleweka.

Mbona glavu zinatajwa kila mahali?

Kwa sababu glavu zilitumika kama kadi ya mwaliko, unaletewa nyumbani pea yako na unajua umealikwa kwenye maziko. Ubora wake ulipimwa kwa cheo cha mtu.

Idadi zake zinashangaza. Mwaka 1736 alipofariki mke wa Belcher, gavana wa Massachusetts, ziligawiwa pea zaidi ya 1000. Mwaka 1738 kwenye maziko ya Andrew Faneuil, tajiri mkubwa wa Boston na ndugu wa baba yake Peter Faneuil, yule aliyejenga ukumbi maarufu wa Faneuil Hall, zilitoka pea 3000. Na kuna mchungaji Andrew Eliot wa Boston aliyekuwa anaandika kila pea aliyopewa misibani, harusini na kwenye ubatizo, katika miaka 32 zikafika 2,940, nyingi akaziuza maana hakuna mwenye mikono ya kuvaa glavu zote hizo.

Desturi hii waliitoa wapi?

Waliivusha bahari kutoka Uingereza. Huko kuachiana pete kwenye wosia ilikuwa jambo la kawaida zamani sana, hata Shakespeare aliyefariki mwaka 1616 aliwaachia waigizaji wenzake watatu shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete. Alafu mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa, na waliompenda wakaanza kuvaa pete na vidani vyenye sura yake au nywele zake, na hilo liliipa desturi nguvu mpya. Waliohamia Marekani walikuja na mazoea hayohayo kichwani, na waliobaki na ndugu na wakala wao London waliendelea kuiga kinachovaliwa kule.

Lakini si tumeambiwa Wapuritani walichukia mapambo na anasa?

Mwanzoni kabisa, ndiyo. Wapuritani ni wale Waprotestanti wenye msimamo mkali kutoka Uingereza walioanzisha koloni la Massachusetts. Thomas Lechford, mwanasheria aliyeishi Boston na kuandika habari zake mwaka 1642, anaeleza maziko ya hao watu: kengele inalia, majirani wanakusanyika, wanambeba maiti wao kimya mpaka kaburini, hakuna kinachosomwa na hakuna mahubiri, wamemaliza. Waliogopa kufanya chochote kinachofanana na kumwombea marehemu, maana hilo waliliona ni la Wakatoliki, na kwao Mungu alikwishaamua nani ataokoka.

Sasa kilichobadilika ni hela. Biashara ya bandarini ilikua, wakatokea matajiri, na tajiri akifa familia ilitaka mji ujue aliyekufa ni nani. Pete ilikuwa na bahati ya kupenya kwenye dini yao kwa sababu haimwombei aliyekufa, inamkumbusha aliye hai kwamba zamu yake inakuja, na hiyo ilikuwa hotuba ya wachungaji wao kila Jumapili.

Kama unataka kuelewa akili ya watu hawa msome hakimu Samuel Sewall wa Boston, aliyeandika shajara kwa zaidi ya miaka 50. Desemba 25 mwaka 1696 (kwao siku ya kawaida tu, hawakusherehekea Krismasi) alizika binti yake Sarah wa miaka miwili, na kabla ya maziko aliingia mwenyewe ndani ya kaburi la familia akakaa akiyatazama majeneza, la baba mkwe wake, la mama mkwe wake, na ya watoto wake sita waliotangulia. Anaandika kwamba ilimtisha na ilimfurahisha kwa pamoja. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo, watoto sita, na leo wa saba. Mtu wa namna hiyo pete yenye fuvu haimshtui hata chembe.

## Mafuvu, nywele na maandishi

Fuvu na mifupa si ni mambo ya Frimasoni au uchawi?

Hapana, na swali hili ndo linaongoza kwa kuulizwa. Fuvu kwenye pete ni tangazo la kifo tu, lilelile lililochongwa kwenye mawe ya makaburi ya Wakristo wa mji mzima, ukienda makaburi ya Granary au Copp's Hill pale Boston utaona mafuvu yenye mabawa safu kwa safu. Loji ya kwanza ya Frimasoni kupata kibali Boston ni ya mwaka 1733 na pete za mafuvu zilikuwepo vizazi viwili kabla ya hapo.

Kuhusu uchawi, Sewall huyohuyo alikuwa mmoja wa mahakimu wa kesi za Salem mwaka 1692, ambako watu 19 walinyongwa. Januari 1697, wiki chache baada ya kumzika Sarah, alisimama kanisani mbele ya watu wakati mchungaji anasoma karatasi yake ya kukiri kosa na kuomba msamaha. Yani huyu ni mtu ambaye neno uchawi lilimfanya akose usingizi, na bado pete za mafuvu alizivaa na kuziandika kwenye shajara bila wasiwasi. Kwao hizi zilikuwa vitu vya kanisani kabisa.

Maandishi yake nayasomaje?

Ukishazoea sio kazi. Herufi OB ni kifupi cha neno la Kilatini la amefariki, inafuatiwa na tarehe. Æ au ÆT ni umri. Kwa hiyo ukiona jina, alafu OB 12 MAY 1739, alafu Æ 63, huyo alifariki Mei 12 mwaka 1739 akiwa na miaka 63. Mfano huo nimeutunga ili uone mpangilio tu, usiutafute makumbusho. Utakuta pia I imetumika mahali pa J, kwa hiyo "I. B." anaweza kuwa John au James fulani.

Zingine zina msemo mfupi ndani. "Memento mori" ni kukumbusha kwamba utakufa, na "Prepare to follow me" ni marehemu anakwambia jiandae kunifuata. Ukiangalia vizuri misemo hii inaongea na aliyevaa, habari za kumlilia marehemu hazimo kabisa. Kulia kunakuja baadaye, soma swali la mitindo ilivyobadilika.

Mbona kuna tarehe zina miaka miwili, kama 1712/13?

Kwa sababu mpaka mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walifuata kalenda ya zamani na kwao mwaka mpya ulianza rasmi Machi 25. Aliyefariki Februari, kwa hesabu rasmi ni bado 1712 na kwa hesabu yetu ni 1713, wakaandika yote mawili. Ukikuta pete ya Januari, Februari au Machi ya mwanzo yenye mwaka mmoja tu kabla ya 1752, usikimbilie kusema haiendani na kumbukumbu za kanisa, kwanza jaribu kuongeza mwaka mmoja.

Rangi nyeusi na nyeupe zina maana gani?

Ile rangi inayong'aa juu ya dhahabu ni enameli, kioo cha rangi kilichosagwa na kuyeyushwa kwa moto juu ya madini. Nyeusi ndo ya kawaida. Nyeupe iliwekwa kwa aliyefariki bila kuoa au kuolewa, na kwa watoto. Ni mazoea lakini sio sheria, kwa hiyo rangi ichukue kama dalili, alafu thibitisha kwa umri ulioandikwa.

Na watoto walikuwa wengi. Ndui ya Boston mwaka 1721 iliua zaidi ya watu 800 kwenye mji mdogo, na kati ya 1735 na 1740 ugonjwa wa koo ulipita New England ukabeba watoto, nyumba nyingine wote kwa mpigo.

Nywele zilizomo ni za marehemu kweli?

Kwenye kipande chenye jina na tarehe ya kifo, kwa kawaida ndiyo, zilikatwa kabla ya maziko au zilikuwa zimetunzwa toka akiwa hai. Za mwanzo zilisukwa kama kitambaa kidogo na kuwekwa chini ya kristali, juu yake herufi za uzi wa dhahabu au fuvu dogo. Mwisho wa miaka ya 1700 nywele zikaanza kutumika kama rangi, zinakatwakatwa vipande vidogo sana, nyingine zinasagwa, zinachanganywa na gundi na kuchorea picha juu ya kipande cha pembe za ndovu.

Angalizo: nywele peke yake hazithibitishi msiba. Wapenzi walipeana nywele, mama alivaa za mwanae aliye hai kabisa. Bila OB, bila tarehe, bila umri, hicho ni kidani cha nywele, basi, usikizushie msiba.

Mitindo ilibadilikaje? Naweza kukisia mwaka kwa kuangalia?

Unaweza kukisia kwa miongo, sio mwaka, na kila mara maandishi yanashinda muonekano.

Za mwisho wa 1600 na mwanzo wa 1700 ni bendi ya dhahabu yenye fuvu, mifupa miwili iliyopishana au kiunzi kizima cha mifupa kimelala kuzunguka kidole, na jina liko ndani kwa siri. Zikaja zenye kristali iliyokatwa kwa umbo la jeneza na ndani yake kuna picha ndogo ya kiunzi cha mifupa. Kuanzia kama 1735 mpaka miaka ya 1760 bendi inakuwa ya mawimbi, imejikunja vipande vipande kama karatasi inayokunjuka, na sasa jina limetoka nje, herufi za dhahabu zinaonekana katikati ya enameli nyeusi mzunguko mzima. Hizi ndo nzuri kuliko zote kwa macho yangu, kazi ya mkono yenye utulivu kabisa.

Ilipofika miaka ya 1770 fuvu likaanza kuondoka. Ikaingia pete yenye uso mrefu uliochongoka huku na huku, na juu yake mwanamke ameinamia mtungi wa kaburini chini ya mti wenye matawi yanayoning'inia. Hapo msiba wenyewe umebadilika. Fuvu lilikuwa linakutisha wewe uliyevaa utubu, mwanamke anayelia anaongea habari za pengo la mtu fulani, kwamba alipendwa na hayupo. Watu waliopishana miaka 70 tu walikuwa wanaombolezea vitu viwili tofauti na pete zinaonesha hivyo waziwazi kuliko mahubiri ya wakati ule.

## Hela, masonara na sheria

Nani alizitengeneza?

Masonara wa mjini, na wengine waliagiza London. Boston ilikuwa na masonara hodari toka mapema. John Hull ndo aliyesimamia kiwanda cha sarafu cha Massachusetts kilichofunguliwa mwaka 1652, na huyu ndo baba mkwe wa Sewall niliyemtaja, lile jeneza kule kaburini lilikuwa lake. Hull alimfundisha kazi Jeremiah Dummer. Wakafuata John Coney, na Jacob Hurd ambaye pete zake za msiba zipo mpaka leo, na Paul Revere, yule aliyepanda farasi usiku wa Aprili 1775 kuwaonya watu kwamba askari wa Mwingereza wanakuja, naye daftari zake za kazi zina oda za pete za msiba.

Dhahabu yenyewe ilitoka wapi? Sarafu za Wareno na Wahispania zilizoingia na meli, sonara alizipima na kuziyeyusha. Na kwa kuwa pete zilitakiwa haraka, sonara mjanja aliweka akiba ya zile bendi na mafuvu yaliyo tayari, msiba ukitokea anachonga jina tu.

Msiba mmoja uligharimu kiasi gani?

Kwa mkubwa, hela nyingi mno. Alipozikwa Wait Winthrop mwaka 1717 zilitolewa pete 60, kila moja zaidi ya pauni moja. Na hizo ni pete peke yake, bado glavu, skafu, nguo nyeusi, mvinyo na ramu.

Na alikuwa analipa nani? Mali ya marehemu. Gharama za maziko zilitolewa kabla warithi hawajagusa kitu, kwa hiyo mjane angeweza kurudi kutoka makaburini mji mzima unavaa dhahabu ya mumewe, na yeye anaanza kuhesabu kilichobaki. Hili ndo lililonifanya nisiweze kuziangalia pete hizi kama mapambo mazuri tu.

Mtu mmoja aliweza kukusanya ngapi, na alizifanyia nini?

Sewall aliandika pete 57 alizopokea kati ya 1687 na 1725. Daktari Samuel Buxton wa Salem, aliyefariki mwaka 1758 akiwa na miaka 81, aliwaachia warithi kopo kubwa la kunywea lililojaa pete za msiba mpaka juu. Daktari na mchungaji ndo waliopata nyingi, kila kifo kinawapitia.

Nyingine zilivaliwa, nyingine zikakaa kwenye kopo kama la Buxton, na nyingi zilirudi kwa sonara zikayeyushwa, kwa sababu dhahabu ni dhahabu. Ndo maana zilizobaki leo ni chache ukilinganisha na zilizogawiwa.

Serikali ilinyamaza tu?

Haikunyamaza, ila sheria zake hazikuwa na meno. Miaka ya 1720 bunge la Massachusetts lilianza kwa kukataza skafu. Mwaka 1742 likaja na sheria nzito zaidi: marufuku skafu, mvinyo, ramu na pete kwenye maziko yoyote, na glavu ziruhusiwe tu pea sita za wale wa kushika kitambaa na moja kwa kila mchungaji wa kanisa la marehemu, ukivunja faini ni pauni 50. Watu wakaendelea. Pete zenye tarehe za miaka ya 1740 na 1750 zimejaa makumbusho, na kila moja ni ushahidi kwamba mfiwa aliogopa maneno ya watu kuliko faini.

Kilichofanikiwa ni siasa. Mwaka 1764 Mwingereza alipoanza kukaza kodi, wafanyabiashara wa Boston walikubaliana kupunguza mavazi ya msiba yanayoagizwa Uingereza. Oktoba 1774 wajumbe wa makoloni waliokutana Philadelphia wakaliweka kwenye mkataba wao wa kususia bidhaa za Mwingereza, kipengele cha nane: mwanaume avae utepe au kitambaa cheusi mkononi au kwenye kofia, mwanamke utepe mweusi na mkufu, na kugawa glavu na skafu kukome. Kubana matumizi msibani kukawa uzalendo, na hapo watu walitii.

Kwa hiyo desturi ikafa hapo?

Kugawa mzigo mzima kwa umati kulipungua sana, pete yenyewe haikufa. George Washington aliyefariki Desemba 1799 aliacha kwenye wosia wanawake watano, wake wa ndugu zake na marafiki, kila mmoja apate pete ya msiba ya dola 100, na akaeleza kwamba hawapi kwa thamani yake bali kama kumbukumbu ya heshima aliyokuwa nayo kwao. Watano, na anajua kwa nini kila mmoja. Linganisha na zile 60 za Winthrop.

## Maswali ya pembeni

Hii ilikuwa Boston tu?

Hapana. Virginia wosia nyingi zina kifungu cha kumwachia rafiki au ndugu hela ya kununua pete. New York, kwenye koo za Waholanzi, kulikuwa na kitu cha ziada, kijiko cha fedha cha msiba, ncha ya mpini wake ina umbo dogo kama nyani. Philip Livingston alipofariki mwaka 1749 wale wanane wa kushika kitambaa walipewa kijiko hicho pamoja na pete, glavu na kitambaa cha mkononi.

Na watu weusi waliokuwa watumwa, wao walizikwa vipi?

Nafurahi mtu akiuliza hili, maana utajiri ulionunua pete nyingi ulipita kwenye biashara ya watumwa, na Peter Faneuil alikuwa mmoja wa walioifanya. Sewall ni katika wachache waliopinga mapema, mwaka 1700 alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa. Lakini pete za msiba zilibaki kuwa za wenye mali na waliowazunguka.

Waafrika walikuwa na heshima zao wenyewe kwa wafu wao. Mwaka 1991 wakati wa kujenga jengo la serikali huko Manhattan, New York, wajenzi walifikia makaburi ya Waafrika yaliyotumika mpaka miaka ya 1790, na mabaki ya watu 419 yakachunguzwa. Mmoja ni mwanamke aliyezikwa na shanga kiunoni, zaidi ya 100, nyingi za kioo na baadhi ni simbi, zile kauri za baharini. Msomaji wa pwani yetu haelezwi shanga za kiunoni ni nini. Mwaka 2003 walizikwa upya palepale na sasa ni eneo la kumbukumbu la taifa. Hiyo sio pete ya msiba na tusiiite hivyo, pete wanapewa walio hai na zile shanga alikwenda nazo mwenyewe, lakini ukizungumzia vito na kifo kwenye koloni lile ukamwacha huyu mama nje, umeeleza habari ya upande mmoja.

Nimeona bangili iliyosukwa kwa nywele tupu inauzwa kama ya enzi za ukoloni, ni kweli?

Karibu hakika hapana. Bangili, mikufu na hereni zilizosukwa kwa nywele tupu ni za miaka ya 1800, na vito vyeusi tii pia vilishamiri zaidi baada ya mwaka 1861 malkia Victoria alipofiwa na mumewe Albert. Ni vitu halali na vizuri ila vimechelewa miaka mia, na wauzaji wanavichanganya kila siku kwa sababu neno ukoloni linapandisha bei.

Nitajuaje kama pete ni feki?

Anza na jina. Aliyegawiwa pete alikuwa anafahamika, kwa hiyo tafuta kumbukumbu za kanisa, wosia, au jiwe la kaburi, tarehe na umri vikubaliane (kumbuka swali la tarehe zenye miaka miwili). Alafu angalia enameli, ya zamani huwa imemeguka pembeni, iliyojaa bila hata mkwaruzo inatia shaka, na mara nyingine iliyomeguka imezibwa na rangi ya kawaida.

Usitegemee mhuri wa ubora. Makoloni hayakuwa na ofisi ya kupima dhahabu kama London, sonara aligonga herufi au jina lake tu, na pengine hakugonga kitu. Pete isiyo na mhuri inaweza kuwa halisi kabisa.

Naweza kuziona wapi kwa macho?

Kwa mlioko Boston, Massachusetts Historical Society wana mkusanyo mkubwa na Museum of Fine Arts wanazo pia. Salem kuna Peabody Essex Museum, New Haven kuna jumba la sanaa la chuo kikuu cha Yale, na kwingine Winterthur kule Delaware na Colonial Williamsburg kule Virginia. Vipande vingi vimewekwa kwenye intaneti na picha za karibu, na kwa kweli picha inakuonesha maandishi ya ndani kuliko kioo cha makumbusho. Ukiwa Boston pitia makaburi ya Granary, Sewall na Revere wamezikwa humohumo.

Nimeipata kwenye vitu vya ukoo wa mume wangu, naweza kuiosha na kuipanua inienee?

Kuosha, hapana kama ina kristali au nywele. Maji yanaingia chini ya kristali, nywele zinaoza na ile karatasi au foili ya ndani inabadilika rangi, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ifute kwa kitambaa laini kikavu basi. Zile mashine za kuoshea vito kwa mtikisiko usiziguse, zinapasua enameli.

Kuipanua ni mbaya zaidi, sonara ataikata bendi na kuiunga, na bendi ndiyo yenye jina. Ukitaka kuivaa pitisha mkufu. Kabla ya yote piga picha za maandishi, ndani na nje mzunguko mzima, kwenye mwanga wa ubavuni, uzitunze pamoja na majina mliyoyakuta, kwenye boksi moja na hiyo pete.